Nambari, Kitu na Daftari: Hitilafu za Usajili wa Nambari Tambulishi za Faili Katika Mwanga wa Semantiki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hitilafu zinazozuka pale programu ya kompyuta inaposajili nambari tambulishi za faili ili kufanya uingizaji na utoaji wa data usiosubiri. Inahojiwa kwamba nyingi kati ya hitilafu hizo ni hitilafu za urejeleo, yaani za uhusiano baina ya nambari na kitu kinachotajwa na nambari hiyo, na kwamba dhana za sinonimia na homonimia zinatosha kuzipambanua na kuzitafutia dawa. Mfano wa kibinadamu unatolewa kutokana na uandikishaji wa wakimbizi katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, katika miaka ya 1990. Sehemu ya mwisho inajadili istilahi.

1.0 Utangulizi

Programu ya kawaida inapotaka kusoma data kutoka mtandaoni huiomba kompyuta, kisha husimama na kungoja mpaka data ifike. Mtindo huu hauna madhara endapo programu ina mtu mmoja tu wa kumsikiliza. Lakini seva inayohudumia miunganisho elfu moja haiwezi kusimama mbele ya kila muunganisho kwa zamu, kwa sababu mmoja aliyenyamaza angewazuia wengine wote. Kwa hiyo ulibuniwa utaratibu mwingine: programu hukikabidhi kiini cha mfumo endeshi orodha ya miunganisho inayoihusu, kisha huuliza swali moja tu, “Ni upi kati ya hii ulio tayari?” Kiini kikishajibu, programu huushughulikia ulio tayari na kurudi kuuliza tena. Mzunguko huo ndio unaoitwa hapa kitanzi cha matukio, na kipande cha programu kinachoamshwa kwa ajili ya muunganisho fulani kinaitwa kitekelezi.

Utaratibu huu wote umejengwa juu ya tendo moja, nalo ni kusajili. Ndipo pia hitilafu zinapojificha. Mwanafunzi hukuta seva yake imenyamaza ilhali data imefika, au inazunguka bila kikomo pasipo kazi, au, baya zaidi, inampelekea mtu mmoja ujumbe wa mwingine. Aghalabu hutafuta kosa mahali data inaposomwa, kumbe limetokea kabla ya hapo, katika daftari la usajili.

Kabla ya kuiingia mashine, itafaa kuitazama dhana ya usajili pale ambapo binadamu wenyewe waliisajiliwa maisha yao. Ulinganisho huu haukusudii kumshusha mkimbizi awe kama faili. Kinacholinganishwa ni uhusiano wa alama na kinachoashiriwa, na mahali ambapo uhusiano huo ulikuwa na uzito mkubwa kuliko katika kompyuta yoyote.

2.0 Uandikishaji katika Ngara na Biharamulo

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mnamo Oktoba 21, 1993, maelfu kwa maelfu ya Warundi walikimbilia magharibi mwa Tanzania. Miezi sita baadaye, kuanzia Aprili 28, 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera na kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Walikusanywa Benaco, mahali palipokuwa na jina la kampuni iliyojenga barabara. Kambi nyingine zilifuata: Lumasi, Musuhura na Lukole katika Ngara, na Kitali upande wa Biharamulo. Wanyarwanda walio wengi walirejeshwa kwao Desemba 1996, ilhali Warundi waliendelea kuishi Lukole hadi miaka ya 2000.

Kwa umati wa namna hiyo, chakula hakiwezi kugawiwa kwa kutazamana nyuso. Panahitajika vitu vitatu: kaya yenyewe, kadi ya mgawo yenye nambari, na daftari linaloonyesha kuwa nambari hiyo ni ya kaya hiyo yenye watu kadha. Vitu hivi vitatu vinakaribiana sana na pembetatu ya maana iliyochorwa na Ogden na Richards mwaka 1923, yenye alama, wazo na kirejelewa. Katika pembetatu hiyo, kama wanafunzi wa semantiki wanavyojua, hakuna mstari wa moja kwa moja kutoka alama hadi kirejelewa. Lazima njia ipitie kwenye wazo. Kadi nayo haimfikii mtu mpaka ipitie daftarini.

Mtu aweza kuuliza kwa nini jina halikutosha. Jibu limo katika isimu. Kwanza, kwa desturi ya Wanyarwanda na Warundi, baba, mama na kila mtoto aweza kuwa na jina lake asilolishiriki na mwingine, hivyo jina halionyeshi ukoo wala kaya. Pili, karani aliyezoea tahajia ya Kiswahili aweza kuandika Mkamana pale mwenyewe anaposema Mukamana, au kubadilisha /r/ na /l/, na mtu mmoja akapata maandishi mawili. Wahangaza na Washubi, wenyeji wa Ngara, walisikilizana na wageni hao bila shida kubwa kwa kuwa lugha zao ni jirani. Lakini kusikilizana kwa mdomo hakusawazishi tahajia ya daftari. Nambari ilikuwa imara kuliko jina.

Hata hivyo, nambari ina matatizo yake. Kaya moja ikiwa na kadi mbili, kuna sinonimia: alama mbili, kirejelewa kimoja. Kadi ya aliyeondoka ikitumiwa na mwingine, kuna homonimia: alama moja, virejelewa viwili kwa nyakati mbili. Kaya ikiondoka na jina lake likabaki, alama imekosa kirejelewa. Mtoto akizaliwa asiandikishwe, kirejelewa kimekosa alama. Katika miezi ya mwanzo, mgawo ulipopitia mikononi mwa viongozi wa wakimbizi waliotaja wenyewe idadi ya watu wao, ilikuwapo kila sababu ya kuyaacha makosa ya aina ya kwanza na ya tatu yaongezeke, na aliyeumia ni yule wa aina ya nne, ambaye hakuwa na wa kumtajia.

Aina hizi nne ndizo zitakazoongoza uchambuzi wa mashine.

3.0 Nambari, ufunguzi na daftari ndani ya mashine

Katika mifumo endeshi ya ukoo wa UNIX, ulioanza mwaka 1969, programu inayofungua faili au soketi haikabidhiwi faili yenyewe. Hukabidhiwa nambari kamili ndogo. Nambari 0, 1 na 2 kwa desturi zimetengwa kwa ingizo la kawaida, tokeo la kawaida na tokeo la makosa. Zinazofuata hutolewa kadiri ya haja. Kanuni ya utoaji ni muhimu mno kwa mjadala huu: kiini hutoa kila mara nambari ndogo kuliko zote zilizo wazi wakati huo. Kwa hiyo nambari 7 ikifungwa sasa hivi, yawezekana kabisa mgeni wa kwanza atakayeingia akapewa 7 hiyo hiyo.

Nyuma ya nambari kuna kitu cha pili, kitakachoitwa hapa rekodi ya ufunguzi. Humo kiini hutunza mahali usomaji ulipofikia na hali ya faili. Nambari ni ya mchakato mmoja, lakini rekodi ya ufunguzi yaweza kutajwa na nambari kadhaa: programu ikinakili nambari, au mchakato ukizaa mchakato mwingine, rekodi moja hupata nambari mbili au zaidi. Rekodi hufa pale tu nambari ya mwisho inayoitaja inapofungwa.

Kitu cha tatu ni daftari. Hapa historia inasaidia. Wito wa select, ulioingia katika 4.2BSD mwaka 1983, haukuwa na daftari la kudumu. Programu ilipaswa kupeleka orodha nzima upya kila ilipouliza, na orodha hiyo kwa kawaida haikuweza kupita nambari 1,024. Wito wa poll uliondoa kikomo hicho lakini nao ulibeba orodha nzima kila safari. Kazi hiyo ya kubeba ilikuwa nzito kwa seva kubwa. Kwa hiyo kqueue katika FreeBSD mwaka 2000, na epoll ambayo ilikuwa sehemu ya Linux 2.6 iliyotolewa Desemba 2003, zilihamishia daftari ndani ya kiini: programu husajili mara moja, na usajili hudumu mpaka uondolewe.

Faida ya mageuzi hayo ilikuwa kubwa, lakini yalizaa tatizo jipya. Orodha inayoandikwa upya kila mara haiwezi kuzeeka. Ikiwa na nambari iliyofungwa, select hukataa papo hapo kwa kosa la EBADF. Daftari linalodumu laweza kupitwa na wakati. Aidha, programu nyingi huweka daftari la pili kwa upande wao, linaloonyesha kitekelezi cha kila nambari. Sasa madaftari ni mawili, yanatunzwa na makarani wawili, na hakuna anayehakikisha kwamba yanakubaliana.

4.0 Aina za hitilafu

Uchambuzi utatumia mfano wa kubuni. Tuchukulie kuwa kuna seva mjini Biharamulo inayopokea maombi ya dawa kutoka zahanati za Kabanga na Rulenge wilayani Ngara, na Nyakanazi wilayani Biharamulo. Seva inaendeshwa kwenye Linux kwa kutumia epoll.

4.1 Kirejelewa kisicho na alama

Muunganisho wa Nyakanazi umefunguliwa, umepewa nambari 6, lakini kipande cha programu kilichopaswa kuisajili kimerukwa. Data inafika na kulundikana katika bafa ya kiini. Kitanzi hakina habari. Dalili ya hitilafu hii ni ukimya: hakuna kosa lolote linaloripotiwa. Jamaa yake ni usajili wa kitu kisichosajilika. Faili ya kawaida iliyo diskini, kwa mfano, haikubaliwi na epoll, nayo hurudisha kosa la EPERM. Programu isiyokagua jibu la wito itadhani imesajili, ikabaki inangoja kisichokuja.

4.2 Alama isiyo na kirejelewa

Rulenge imekata muunganisho. Programu imeifunga nambari 7 bila kwanza kuiondoa daftarini. Ikiwa 7 ilikuwa nambari pekee ya rekodi hiyo, kiini chenyewe huifuta katika daftari lake, kimyakimya. Daftari la programu, hata hivyo, bado lina 7 pamoja na kitekelezi cha Rulenge. Kwa muda huo hakuna dhara linaloonekana, na ndiyo maana majaribio mafupi hayaigundui hitilafu hii.

4.3 Homonimia

Dakika moja baadaye Kabanga inaunganisha na, kwa kanuni ya nambari ndogo iliyo wazi, inapewa 7. Programu inalitazama daftari lake, inaikuta 7 imeshasajiliwa, na kwa hiyo inakiomba kiini kuurekebisha usajili badala ya kuongeza mpya. Kiini, ambacho kwake 7 ya zamani ilishafutwa, kinajibu kwa ENOENT, yaani hakuna kitu kama hicho. Kosa hili huwashangaza wengi, kwani programu inasema “ipo” na kiini kinasema “haipo”. Wote wawili ni wakweli, kila mmoja kwa mujibu wa daftari lake.

Sura mbaya zaidi ya homonimia haitoi kosa lolote. Tuseme kiini kimerudisha matukio matatu kwa mkupuo mmoja. Kitekelezi cha tukio la kwanza kinaifunga 7 ya Rulenge na papo hapo kinapokea muunganisho mpya wa Kabanga, nao unapewa 7. Tukio la tatu katika mkupuo ule ule lilihusu 7 ya zamani, lakini sasa linaifikia 7 mpya. Programu isipokuwa na kinga, tukio la Rulenge litahesabiwa kuwa la Kabanga, na iwapo kumbukumbu za zamani hazikufutwa, ombi la dawa la zahanati moja laweza kuandikwa kwa jina la nyingine.

4.4 Sinonimia

Kabla ya kufungwa, nambari 7 ilinakiliwa, au ilirithiwa na mchakato mwana. Programu inaifunga 7, ikiamini kuwa imekwisha. Rekodi ya ufunguzi haijafa, kwa sababu nambari nyingine bado inaitaja. Na kwa kuwa kiini hutambua kila usajili kwa nambari pamoja na rekodi yake, usajili nao haujafa. Matukio yanaendelea kuja yakiwa na lebo ya 7 isiyokuwapo tena. Programu ikijaribu kuiondoa 7 daftarini, inajibiwa EBADF, kwa kuwa nambari hiyo si halali. Kitanzi kinazunguka bure na kula muda wa kompyuta. Usajili umekuwa kama jina la marehemu ambalo karani anakataa kulifuta kwa hoja kwamba mwenyewe hakuja na kadi.

Kusajili mara mbili nambari ile ile ya rekodi ile ile ni jambo dogo likilinganishwa na haya: kiini hukataa kwa EEXIST, na kosa huonekana mara moja.

5.0 Namna ya kuzisaka

Makarani wa uandikishaji wana kazi wanayoiita uhakiki: daftari hulinganishwa na watu waliopo, wala si na daftari jingine tu. Msakaji wa hitilafu anapaswa kufanya vivyo hivyo, kwa kukusanya orodha tatu za wakati mmoja.

Orodha ya kwanza ni ya nambari zilizo wazi kweli. Katika Linux hupatikana kwenye saraka ya /proc, chini ya nambari ya mchakato, ndani ya fd. Orodha ya pili ni ya daftari la kiini: katika fdinfo, chini ya nambari ya epoll yenyewe, kila mstari unaoanza na tfd hutaja nambari moja iliyosajiliwa. Orodha ya tatu ni ya daftari la programu, ambayo mwandishi wake hana budi kuichapisha mwenyewe. Nambari iliyomo katika ya kwanza tu ni kirejelewa kisichosajiliwa, na inafaa kuulizwa kama ilikusudiwa hivyo. Iliyomo katika ya tatu tu ni alama tupu. Iliyomo katika ya pili bila kuwamo katika ya kwanza ni dalili ya sinonimia, na hapo inabidi kutafuta nakala ilipo, mara nyingi katika mchakato mwana.

Homonimia haionekani kwa orodha za wakati mmoja, kwa kuwa 7 imo katika zote tatu. Inahitaji kumbukumbu ya mfuatano. Chombo cha strace huonyesha kila wito kwa kiini kwa utaratibu wa kutokea kwake. Hapo kinachotafutwa ni kufungwa kwa nambari kusikotanguliwa na kuondolewa daftarini.

Kinga ni tatu. Ya kwanza ni ya utaratibu: ondoa daftarini kwanza, kisha funga, na kazi hizo mbili ziwe mahali pamoja katika programu, ili moja isitendwe bila nyingine. Ya pili inazuia sinonimia isiyokusudiwa: nambari ziwekewe alama ya kujifunga pale mchakato unapoanza kuendesha programu nyingine. Ya tatu inaondoa homonimia: epoll huruhusu kila usajili ubebe data ya biti 64 iliyochaguliwa na programu, na data hiyo hurudishwa pamoja na tukio. Programu ikiweka humo nambari yake ya pekee, inayoongezeka bila kurudiwa, itaweza kutofautisha 7 ya jana na 7 ya leo.

6.0 Suala la istilahi

Istilahi zilizoandaliwa kwa ajili ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilimlenga mtumiaji wa kompyuta. Mwandishi wa programu, anayehitaji kuyataja matumbo ya mashine, hana hazina kama hiyo. Maneno mawili yanastahili kujadiliwa.

La kwanza ni jina la nambari yenyewe. Kiingereza huiita kwa neno lenye maana ya kitu kinachoelezea. Tafsiri iliyo karibu ingekuwa kielezi, lakini neno hilo limekwisha kutwaliwa na sarufi kwa aina mojawapo ya maneno. Isitoshe, nambari 7 haielezi chochote kuhusu faili. Inaitambulisha tu, tena kwa muda. Nambari tambulishi, iliyotumika katika makala haya, inamwonyesha mwanafunzi tangu mwanzo kwamba ameshika nambari, na kwamba nambari yaweza kupewa mwingine.

La pili ni tendo. Neno sajili, lenye asili ya Kiarabu, limeenea na linafaa, lakini halionyeshi daftari ni la nani. Andikisha, neno lililotumika zaidi vijijini kwa uandikishaji wa shule na wa wapiga kura, lina kiambishi cha usababishi: mmoja anasababisha, mwingine anaandika. Programu huandikisha, kiini huandika. Mwanafunzi anayesema “nimeiandikisha 7 kwa kiini” ameshataja wahusika wote watatu. Inafaa kukumbuka pia kwamba fungua na funga ni jozi ya unyambuzi inayojulisha kuwa tendo moja hulitengua jingine, ilhali andikisha haina kitenzi tenguzi cha neno moja. Haidaiwi hapa kwamba mofolojia ndiyo inayowasahaulisha waandishi wa programu. Lakini mwalimu atafanya vyema kulifundisha fungu la kuondoa daftarini sambamba na kuandikisha, kama jozi isiyotenganishwa.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hitilafu za usajili katika programu za uingizaji na utoaji usiosubiri zinaweza kupangwa katika makundi manne ya urejeleo, na kwamba kila kundi lina dalili, njia ya kusakwa na kinga yake. Imeonyeshwa pia kwamba chanzo chao cha pamoja ni daftari linalodumu kuliko kitu kilichoandikwa humo.

Lugha inayohitajika kuyaeleza haya haina budi kutoka katika maisha ya wasemaji. Mwanafunzi aliyekulia Ngara au Biharamulo, aliyesimuliwa habari za kadi na foleni za mgawo, tayari anajua tofauti ya mtu na nambari yake, na anajua nani hulala njaa pale daftari linaposema uongo. Kinachobaki ni kwa walimu wa kompyuta na wanaisimu kukaa meza moja ili maarifa hayo yapate istilahi.